Mzee Rivasi wa Lumumba

Watoto wa mtaani kwangu, Mwanga, hapa Kigoma mjini, wananiita Mzee Rivasi. Sijawahi kukasirika. Jina hilo nimelitolea jasho kuliko lile la "Ukuta" nililopewa nilipokuwa beki wa kati.

Nilicheza miaka 11, miwili ya mwisho Ligi Kuu. Goti la kulia lilimalizwa na njumu za watu pamoja na sindano. Naam, sindano. Goti linavimba Ijumaa, Jumamosi daktari wa timu anakuchoma, unaingia uwanjani unaruka kama swala, usiku ndiyo unalipa. Ile haiponyi kitu, inakuzuia tu usisikie. Na niseme ukweli, hakuna aliyenishika mikono. Kuna dogo wa miaka 19 alikuwa anainyemelea namba yangu.

Nilistaafu 2018 nikiwa na miaka 34. Mkataba uliisha, simu haikulia, basi. Hapo washauri wakajaa sebuleni. "Lipumzishe, umelitumia sana." Nikalipumzisha miaka mitatu na ugali na migebuka, hadi mizani ikasoma kilo 98. Julai 2021 fainali ya Simba na Yanga ikaletwa hapahapa, Lake Tanganyika, uwanja niliotokwa damu mimi, nami nikaiangalia kwenye TV kwa kuogopa ngazi. Kelele za uwanjani zilifika dirishani kwanza, kisha Lwanga wa Simba akafunga kwenye kioo cha TV. Siku hiyo sikula.

Nilipokuja kusoma kwamba mshambuliaji Batistuta wa Argentina, baada ya kustaafu, alijikojolea kitandani na choo kipo hatua chache tu, kisha akamwomba daktari amkate miguu, sikushangaa. Mimi nilikuwa na kopo la rangi la lita nne uvunguni.

Sasa mchuaji. Shemeji yangu aliapa kwamba Ujiji kuna mzee anayenyoosha hata chuma. Mzee akachemsha mawese na majani yake, akanikanda hadi nikaita majina ya marehemu. Kisha akachimba shimo uani, akanifukia mguu mpaka pajani, saa saba mchana, mchanga unawaka. "Tulia, mwanangu, nakwenda kuswali." Akaenda. Nadhani baada ya swala alipitia sokoni, maana alirudi adhuhuri ikishazeeka. Bata wa jirani walinizunguka wakidonoa mawese kwenye nyonga, nami beki niliyewazima mastraika wa taifa zima sikuweza kuwafukuza bata wanne. Nilipochomolewa, goti lilikuwa papai. Ilinigharimu kama elfu themanini na jogoo. Goti lililovimba ukilipikia moto namna ile unalichochea tu, kumbe. Shemeji hadi leo anadai nilitoka shimoni mapema.

Aliyeniokoa ni binti wa fiziotherapia. Aliniamkia "Shikamoo baba", ikaniuma kuliko goti. Akatoa futi ya mafundi cherehani, akapima mapaja yote mawili. La kulia lilikuwa dogo kwa sentimita tano. "Baba, gegedu, ule mto wa kati ya mifupa, limelika, halirudi. Lakini paja lako umeliua mwenyewe kwa kulipumzisha." Akaniambia pia kila kilo nitakayopunguza, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Nilipiga hesabu ya zile 98 nikaona aibu. Ugali wa usiku niliuacha wiki ileile.

Zoezi lenyewe ni la kitoto: unakaa kwenye kiti, unafunga mzigo kifundoni, unanyoosha mguu, unahesabu hadi kumi, unashusha taratibu. Mzigo wangu ulikuwa maharage ya Kasulu, kilo mbili, kwenye soksi ya mechi. Wiki ya tatu nilirudi nyumbani nikakuta yamepikwa. Soksi imefuliwa, imeanikwa.

Kupanda kilima hakukunisumbua sana, shida ilikuwa kushuka. Ukishuka, kifuniko cha goti ndicho kinachobeba breki zote. Na Barabara ya Lumumba, kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli, ni mteremko mtupu. Siku moja maumivu yalinizidi, nikageuka niegemee ukuta, nikajaribu hatua moja kinyumenyume. Haikuuma. Ya pili, haikuuma. Nikashuka Lumumba nzima kwa rivasi, natazama nilikotoka, nageuza shingo kama dereva wa lori. Karibu na stesheni nikamvaa mama aliyebeba beseni la dagaa.

"Baba, unakwenda au unarudi?"

Nililipia dagaa wote, elfu kumi na tano hivi, na nikamsaidia kuokota. Ukijaribu hili, tafuta mtoto akutangulie. Mimi natembea na wa dada yangu, anaita "Gari! Gari!" na namlipa maandazi.

Bodaboda ninayoendesha siku hizi nimeichagua yenye stata. Ya kwanza ilikuwa ya kupiga kiki kwa mguu wa kulia, nilikuwa namwomba abiria anipigie. Wengine walidai punguzo la nauli.

Nina kilo 84 sasa. Kopo la rangi nimepandia mchaichai. Maharage yamefika kilo nne, na kwenye soksi mke wangu ameandika kwa kalamu nyekundu: YASIPIKWE.