Maji kwanza, vyumba baadaye: tulivyojenga Iyumbu

Kaya nane tuliungana kununua eneo moja la mteremko Iyumbu, Dodoma, na usimamizi wa ramani ukaniangukia mimi. Ramani ya kwanza ilikuwa na barabara iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini Dodoma mvua ni kama milimita 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, tena hushuka kwa vishindo. Barabara ya namna hiyo hugeuka mtaro, na aliyejenga chini ndiye anayezoa tope sebuleni.

Nikamwomba mpima aichore upya. Barabara ikafuata kontua, yaani mstari wa kimo kilekile unaokatiza mteremko, upana wa gari moja na sehemu za kupishana. Korongo lenye mikwaju hatukuligawa. Tulipoteza kiwanja kimoja hapo, na kelele zilikuwepo.

Vita yenyewe ilikuwa ya pevingi, yale matofali ya kutandika uwanjani. Siku hizi mtu akimaliza nyumba anafunika uwanja wote, ukuta hadi ukuta, aonekane amejenga. Mama mmoja akaniambia, "Baba Neema, vumbi hili la Dodoma unataka nilale nalo?" Ana hoja, vumbi lipo. Nikampigia hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lake la mita 120 likipata milimita 30, ni lita 3,600. Uwanja wa mita 200 uliofunikwa unaongeza 6,000. "Sasa hizo unampelekea nani, mama?" Akacheka. Pevingi ikabaki njia ya gari na mlangoni, kwingine kokoto na nyasi.

Gata zote zinaingia kwenye tenki. Likijaa, bomba linapeleka ziada kwenye shimo lililojazwa mawe, zaidi ya mita tatu kutoka kwenye msingi na mbali na shimo la choo. Kabla ya kuchimba tulijaribu udongo: unachimba kishimo, unakijaza maji, yakinywewa unajaza tena, ndipo unaangalia yanashuka kiasi gani kwa saa. Juu kwenye kichanga yalinywewa upesi. Chini ni mfinyanzi, maji yalilala mpaka kesho yake, kwa hiyo huko tuliweka makingamaji, yaani matuta yanayokatiza mteremko, na kupanda nyasi za vetiva.

Msimu uliopita barabara haikukatika. Kinachotusumbua ni mchanga unaojaa nyuma ya makingamaji, na zamu ya kuuzoa bado tunabishania.