Kumbukumbu ya mradi: nyumba ya shimoni ya Matmata, wiki ya sita

Chumvi imeniharibia kazi. Jumapili niliuacha ubao umekaa vizuri, leo asubuhi nimeukuta umelowa. Ile chumvi ya mawe niliyoitandaza kuwa jangwa imevuta unyevu wa usiku, boksi la chini limevimba, na ukingo mmoja wa shimo umeachia. Huku Tanga hewa ina maji mwaka mzima.

Kwa anayeanza kusoma leo: natengeneza kwa uwiano wa 1:50 nyumba aliyokulia Luke Skywalker, mhusika mkuu, katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977. Kwenye filamu ni makazi mamoja: kuba jeupe juu ya tambarare, na pembeni yake shimo kubwa lenye vyumba. Kule Tunisia, ilikopigwa, ni sehemu mbili, zaidi ya kilomita 100 kati yake. Kuba lilijengwa kwenye ziwa la chumvi la Chott el Djerid, upande wa Nefta. Shimo ni hoteli ya Sidi Driss iliyopo Matmata, ambayo nayo ni makazi ya zamani ya Waamazighi (Waberberi), wenyeji wa Afrika Kaskazini. Picha zilianza kupigwa Machi 1976.

Nilikuwa nimeziweka zote mbili kwenye ubao mmoja, kama filamu inavyotaka. Baada ya ajali ya leo nazitenganisha, na si kwa sababu ya chumvi tu. Kwenye filamu unaona kuba, picha inakatwa, unajikuta chini ya ua, na akili yenyewe inaziba pengo. Mezani jicho linaona vyote kwa mara moja. Udongo wa hudhurungi wa Matmata ukikutana ghafla na weupe wa chumvi, hauaminiki hata kidogo.

Shimo lenyewe ndilo lililonifundisha zaidi. Mara ya kwanza nilizungusha udongo wa mfinyanzi nikainua kuta, nikapata chungu. Kila nilipolitazama nilijua kuna kosa, lakini sikulijua ni lipi. Kisha nikarudi kwenye namna wenyeji wa Matmata walivyojenga: walichimba kwenda chini hadi wakapata ua, halafu wakatoboa vyumba kuingia ubavuni mwa ardhi. Hakuna ukuta uliosimamishwa. Nikakanda bonge moja zito nikalichimba kwa kijiko, kina cha sentimita 14 hivi, kipimo nilichokadiria kwa urefu wa mtu anayeonekana uani kwenye picha. Umbo likaja lenyewe, na zile kona zisizonyooka zikatokea bila kuzilazimisha. Nimelifunika kwa kitambaa kibichi siku nne likauke polepole lisipasuke, ndipo nikapaka chokaa.

Mpwa wangu alikuja kulitazama akauliza, "Mjomba, mbona nyumba haina paa?" Nikamweka kidole juu ya bonge. Paa ni ardhi yote hiyo iliyo juu ya vyumba, na ndiyo inayoleta ubaridi wakati wa joto na kutunza joto wakati wa baridi.

Vitu vya filamu nimevitengeneza vya kuchomoa: mabomba na fremu za milango vinashikiliwa na pini. Nimefanya hivyo makusudi. Mapambo ya 1976 yaliondolewa kazi ilipokwisha, na mengine yakawekwa upya mwaka 2000 watu wa Star Wars waliporudi kupiga filamu nyingine, iliyotoka 2002. Nataka mtu aweze kuchomoa pini zote abaki na nyumba ya Matmata kama ilivyokuwa kabla ya kamera kufika. Kwangu hiyo ndiyo nyumba hasa.

Ubao wa pili utakuwa wa Chott el Djerid. Chumvi halisi nimeachana nayo. Natumia unga wa jipsamu uliochanganywa na gundi ya mbao, unaokwaruzwa kwa msasa ukishakauka. Kona moja nitaipaka vanishi ing'ae kama maji, kwa kuwa ziwa lile hujaa maji mvua zikinyesha, na kikosi cha 1976 kilinyeshewa hukohuko jangwani.

Limebaki kuba. Lile la kweli lilichakaa hadi mashabiki wakachangishana fedha na kulikarabati mwaka 2012. La kwangu nalimimina ndani ya kifuu cha nazi chenye upana wa sentimita 10, ambacho nimekisugua ndani kwa msasa na kukipaka mafuta ili jipsamu isinatie. Nikikitoa kesho salama, naanza kutoboa mlango.