Toka Kilima cha Mizari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 42 na 43. Zisomeni kwa mkupuo mmoja, maana ni kilio kimoja kilichokatwa katikati.

Vyuo vimepokea mwaka wa kwanza, na tayari wazazi wawili wa usharika wetu wamenipigia simu. Mtoto hali vizuri, ukimpigia anajibu kwa mkato, Jumapili anashinda amelala. Mmoja aliniuliza kama tumwombee, huenda amerogwa. Nikamwambia tumwombee, ndiyo, lakini mama, huyo amekumbuka nyumbani.

Najua kwa sababu yalinikuta. Nilitoka Bukoba kwenda chuo Dodoma, wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Wazee waliniwekea mikono, jogoo akachinjwa. Mtu aliyeagwa namna hiyo anaanzaje kusema anataka kurudi?

Jioni moja ya wiki ya tatu mama alipiga simu. “Umekula, mwanangu?” Nikajibu nimekula. Nilikuwa nimenunua wali maharage, nikautazama mpaka ukapoa. Basi nyuma ya sauti yake nikasikia mvua inapiga mabati ya jikoni. Huku Dodoma upepo ulikuwa unasukuma vumbi chini ya mlango, midomo imenipasuka, na mvua ya nyumbani inaninyeshea sikioni. Nikamwambia salio linaisha, nikakata. Aliyepiga ni yeye.

Nikaenda kulia chooni. Choo cha pili kulikuwa na mtu anapenga kamasi. Tulipotoka, kumbe ni mwenzangu wa kitanda cha juu, binti wa Mtwara, ambaye mchana kutwa alikuwa akituchekesha chumba kizima. “Na wewe?” akaniuliza. Nikasema, “Na mimi.”

Aliyeomba zaburi hii naye alikuwa mbali na kwao. Ni ya wana wa Kora, watu wa nyimbo za hekaluni, na anakumbuka alivyokuwa akienda na mkutano wa watu nyumbani mwa Mungu kwa sauti za furaha. Sasa yuko kaskazini kabisa, upande wa Hermoni, mahali Yordani inapoanzia. Maji yanaporomoka usiku na mchana, na sauti yake haimpumzishi. “Machozi yangu yamekuwa chakula changu mchana na usiku.” Hata kula ameacha, kama mimi na wali wangu.

Ninachotaka mkitazame kwa karibu ni mstari wa 5 na wa 6. Katika wa 5 anaikemea nafsi yake: kwa nini kuinama? Umtumaini Mungu! Tungetegemea aendelee na shangwe. Mstari wa 6 unafungukaje? “Nafsi yangu imeinama ndani yangu.” Amejihubiria vizuri, na moyo umebaki palepale. Anarudia maneno yaleyale mstari wa 11, na tena 43:5. Mara tatu. Ndiyo maana sipatani na mafundisho yanayomwambia kijana kwamba angekuwa na imani asingehuzunika. Huyu alikuwa nayo, na aliinama.

Na hakusubiri arudi Yerusalemu ndipo aombe. “Nitakukumbuka, toka nchi ya Yordani, na Mahermoni, toka kilima cha Mizari.” Kilima hicho hakitajwi tena popote katika Biblia. Alitaja mahali alipo, padogo, asipopapenda, akaombea hapohapo. Mwana wa chuo, nawe omba hivyo: Bwana, nakukumbuka toka bweni hili, toka foleni hii ya bumu, hela ya mkopo wa chuo, ambalo halijaingia. Usipambe. Kisha tafuta wenzako katika vikundi vya wanafunzi Wakristo, iwe USCF, CASFETA au TMCS, ukakae nao hata kama siku hiyo huwezi kuimba.

Huzuni ikipita wiki mbili bila kupungua, usingizi umekukimbia, masomo yamekushinda, nenda zahanati ya chuo au kwa mshauri wa wanafunzi. Yakikujia mawazo ya kujidhuru au ya kutaka kufa, usingoje wiki wala kesho: mwamshe wa chumbani mwako akupeleke. Daktari naye ni mkono wa Mungu. Nanyi wazazi, mkipiga simu msianze na matokeo.

Mimi sikupona siku moja. Ila Novemba hiyo mama alipakia kopo la senene kwenye basi, wamekaangwa kwa chumvi. Yule dada wa Mtwara aliapa hawezi kula panzi. Nikamwachia kopo kitandani, nikaenda mazoezi ya kwaya. Niliporudi lilikuwa nusu, naye ameketi anajilamba vidole, ananiuliza basi la Bukoba hufika siku gani.