Sita au tisa?

Swali la kwanza la mwenye ukumbi aliyetuita tumfungie spika, kabla hata hatujaketi, lilikuwa: "Wati ngapi?" Hapa Kampala kila mtu huanza na hilo, awe mchungaji au mwenye baa. Nikamwambia wati atazipata za kuamsha mtaa mzima, ila tuulizane aliyekaa safu ya mwisho ataelewa nini. Akanitazama kama anavyotazamwa fundi anayetafuta njia ya kuongeza bei.

Ukumbi wenyewe ni wa kila shughuli. Ijumaa ngumi, Jumamosi mpira wa kikapu, Jumapili ibada, katikati ya wiki mahafali. Sakafu ya saruji, kuta za tofali, paa la mabati matupu. Siku ya kwanza nilinunua puto kwenye maduka ya Kikuubo, nikalipasua katikati ya uwanja huku nimeshika simu inayohesabu. Zilipita sekunde 5 ndipo pakawa kimya. Kwaya ingefurahi mno humo. Lakini jaribu kutangaza kwamba gari fulani limeziba mlango wa dharura, halafu utaje namba yake.

Na Kiswahili chetu kina lake. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, na irabu ndizo zenye nguvu. Hizo "i" na "a" hubaki zikielea chini ya mabati wakati ulimi umeshafika kwenye neno la pili. Konsonanti ni nyepesi, zinamezwa. Chukua "sita" na "tisa": irabu ni zilezile, kwa mpangilio uleule, konsonanti zimebadilishana nafasi tu. Kwenye ukumbi wa mwangwi, hizo ni namba moja.

Mchoro wa awali ulikuwa na mafungu mawili ya spika juu ya jukwaa, kila fungu spika 12 za kilo 55. Mhandisi wa majengo akapanda, akagonga kenchi, akashuka na jibu: kilo 500 kila sehemu ya kuning'inizia, isizidi. Spika peke yake zilikuwa 660, bado fremu, bado winchi. Nilinuna siku nzima. Baadaye tukagawa mafungu manne ya spika sita sita, tukazielekeza chini kwenye viti badala ya ukutani, na nakiri hivyo ni bora kuliko nilivyochora mimi. Ukuta hauna masikio, ukiupigia sauti unakurudishia. Tuliomba pia paneli za pamba ya mawe, za kumeza mwangwi, zifunike dari yote. Bajeti ikatupa nusu.

Huko juu ni joto la tanuri. Kijana wetu Mkongomani ndiye aliyekuwa anatembea kwenye kenchi na mkanda wake wa usalama, sisi chini tukimwitikia, "Pandisha! Simama! Shusha kidogo!" Timu nzima haina lugha nyingine ya pamoja ila hiyo.

Tuliweka pia spika ndogo mistari miwili, mmoja kwa viti vya katikati, mwingine kwa vya nyuma. Hizo lazima zicheleweshwe, la sivyo zitasikika kabla ya zile kubwa za jukwaani. Sauti, kwa joto la nyuzi 25, huenda kama mita 346 kwa sekunde. Kwa watu wa nyuma, spika kubwa zilikuwa mbali zaidi ya zile ndogo kwa mita 38, yaani milisekunde 110. Wa katikati, mita 19, milisekunde 55. Mjerumani Helmut Haas alipima jambo hili mwaka 1949: sikio hufuata sauti iliyotangulia kufika. Kwa hiyo unaongeza milisekunde 10 hivi, na msikilizaji ataapa kwamba kila kitu kinatoka jukwaani. Nikaandika 120 na 65, nikaenda kula roleksi yangu, chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa amani.

Jioni nikamwomba mama wa usafi anisaidie. Ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka. "Mama, kaa pale katikati, andika kila namba utakayosikia." Akachukua kaunta buku lake la kuandikia sabuni, akaketi kama mtahiniwa. Nikasoma namba 20 kwenye maiki, za tarakimu tatu tatu.

Alipata 11.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unasema, halafu kuna mwingine anakuiga."

Nilizunguka na kifaa cha kupimia hadi saa tatu usiku. Kosa lilikuwa langu. Kebo za mistari ile miwili nilizitia lebo kwa seloteipu, na kule kwenye joto la mabati gundi ikayeyuka, lebo zikaanguka. Aliyezichomeka alikisia. Viti vya katikati vilikuwa vinapata zile 120, kwa hiyo kila neno lilifika mara mbili, la pili likichelewa milisekunde 65. "Ta" ya sita ikaikuta "ti" ya tisa mlangoni. Seloteipu! Miaka kumi na moja kazini. Pete za plastiki za namba zilikuwa kwenye begi.

Tukabadilisha kebo. Kesho yake mchana tukaanza upya, na tulipofika namba ya tano mvua ikashuka. Mvua ya Kampala juu ya mabati haishindani na amplifaya, inaizima tu. Tulikaa tukatazamana karibu saa nzima, Mama akapanguza safu mbili za viti.

Ilipokatika nikasoma zote 20. Akapata 18, nami nikaanza kukunja waya.

"Ngoja, fundi. Hii ya kumi na nne umenikosesha."

"Karatasi inasema mia sita na moja, Mama. Wewe umeandika mia tisa na moja."

"Karatasi ni yako. Mdomo ulisema tisa."

Bahati nzuri nilikuwa narekodi. Nikarudisha nyuma, tukasikiliza wote wawili kwenye spika ya simu. Tisa, wazi kabisa. Akachukua kalamu yangu, akafuta 18, akaandika 19.