Kutafuta vigawo katika aljebra: yaliyonifaa darasani

Mwanafunzi akikwama kuivunja 6x² + 7x − 20 iwe mabano mawili yanayozidishana, mara nyingi shida haiko kwenye x. Iko kwenye 120, yaani 6 mara 20. Hajui kwamba 8 mara 15 ni 120, au anajua lakini haimjii haraka, na anapoendelea kuitafuta huwa ameshasahau alikuwa anaitafutia nini. Mada hii katika silabasi ya 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya ambao sasa unaondolewa, iliwekwa kidato cha pili, lakini kinachoiangusha ni jedwali la kuzidisha la shule ya msingi.

Kwa hiyo wiki nzima kabla ya kuigusa mada yenyewe, dakika tano za mwanzo wa kipindi ninazitenga kwa mafumbo ya namba mbili. Natamka zao, yaani jibu la kuzidisha, kisha jumla, na darasa linanitajia namba. Zao 12, jumla 7: tatu na nne. Zao 12, jumla hasi 8: hasi mbili na hasi sita. Zao hasi 12, jumla 4: sita na hasi mbili. Zao hasi 12, jumla hasi 11, na hapo kimya kinatanda, kwa sababu wengi husahau kwamba 1 na 12 nazo ni jozi. Mafumbo kumi kwa siku yanatosha. Hakuna x, hakuna mabano, hakuna kuandika.

Humo humo ndimo sheria ya alama inamojitokeza yenyewe. Zao likiwa chanya, namba zote mbili zina alama moja, basi tafuta jumla. Zao likiwa hasi, alama zinapishana, basi tafuta tofauti, na namba kubwa ndiyo inayobeba alama ya jumla. Wakishaisema wao kwa maneno yao, siiandiki ubaoni tena.

Hisabati tunaifundisha kwa Kiingereza, lakini nikieleza huwa naingia kwenye Kiswahili, na neno kigawo hunisaidia sana. Kigawo ni kinachogawa bila kubakisha. Jina limeshamaliza nusu ya somo. Kinyume chake, Kiswahili hicho hicho kina mtego, nami niliuona baada ya kusahihisha madaftari mengi yenye kosa moja: 12ab + 4a imeandikwa 4a(3b). Ile 1 imepotea. Nadhani kosa hili tunalichochea sisi walimu tunaposema "toa 4a nje". Mtoto anasikia kutoa, na 4a ukitoa 4a ni sifuri, kwa hiyo anaona hakuna cha kuandika. Siku hizi nasema "gawa kila kipande kwa 4a". 12ab kugawa kwa 4a ni 3b. 4a kugawa kwa 4a ni 1. Jibu ni 4a(3b + 1). Pia nawaambia wahesabu vipande: viwili vimeingia, viwili viwe ndani ya mabano. Kikipungua kimoja, kuna kilichomezwa.

Kigawo kikubwa cha shirika chenyewe, yaani kikubwa kabisa kinachogawa kila kipande, hakihitaji muda mrefu ukikianzia kwenye nauli. Nauli ya matatu Nairobi haikai mahali pamoja: asubuhi bei moja, jioni nyingine, mvua ikinyesha nyingine kabisa. Watu watano wanatoka mtaa wa Umoja kwenda mjini kwa shilingi a kila mmoja na kurudi kwa shilingi b. Unaweza kuhesabu 5a + 5b, au ukahesabu ya mtu mmoja kwenda na kurudi, kisha ukazidisha kwa tano: 5(a + b). Pesa ni zile zile. Kipindi kimoja kinatosha.

Penye kazi ni vipande vitatu. Hapa huanza na makaratasi, na vipimo vyake lazima viwe sawa, la sivyo zoezi zima linaharibika. Nakata mraba mkubwa wa sentimita 10 kwa 10. Huo ni x². Mstatili wa 10 kwa 3 ni x. Mraba mdogo wa 3 kwa 3 ni 1. Nimechagua 10 na 3 kwa makusudi, kwa sababu 10 haigawanyiki kwa 3. Ukikata vidogo vya sentimita 2, mwanafunzi mwerevu atapanga vitano ubavuni mwa mraba mkubwa, vilingane kabisa, na atakwambia x ni 5. Hapo utatumia kipindi kizima kumtoa wazo hilo kichwani.

Kila kikundi cha watu wanne au watano kinahitaji miraba mikubwa 2, mistatili 8 na miraba midogo 15. Karatasi moja kubwa ya manila hutoa seti sita hivi bila kubana. Katoni za dukani hudumu zaidi lakini mkasi huumiza vidole. Kisha nawapa x² + 5x + 6: mraba mkubwa mmoja, mistatili mitano, vidogo sita. Kazi ni moja tu, kuvipanga vyote viwe mstatili mmoja usio na pengo. Wanaweka mistatili mitatu kulia, miwili chini, na kona inayobaki inameza vidogo sita sawasawa, viwili kwa vitatu. Upande mmoja ni x + 3, mwingine x + 2. Wakipima kwa rula wanapata sentimita 19 kwa 16.

Halafu nawapa x² + 5x + 3. Wanahangaika, wanageuza, mwishowe mmoja ananiita: "Mwalimu, hii haikubali." Ndivyo ilivyo, haikubali, na ni heri wajue mapema kwamba si kila usemi unavunjika kwa namba nzima. Jozi ya zao 3 ni 1 na 3 pekee, na jumla yake ni 4, si 5. Makaratasi nayatumia kipindi kimoja tu. Yakizidi yanakuwa mchezo, na kwa namba hasi yanasumbua zaidi ya kusaidia.

Kutoka hapo nahamia kwenye kisanduku cha vyumba vinne, ambacho ni yale makaratasi yaliyochorwa kwa kalamu. Vitabu vingi hufundisha kuvunja kipande cha katikati kisha kupanga viwili viwili. Njia hiyo ni sahihi, lakini ina mahali pamoja ambapo wengi huanguka. Tazama 6x² + 7x − 20. Zao la 6 na −20 ni −120, na jumla inayotakiwa ni 7. Naandikisha jozi zote za 120 kwa mpangilio bila kuruka: 1 na 120, 2 na 60, 3 na 40, 4 na 30, 5 na 24, 6 na 20, 8 na 15, 10 na 12. Zao ni hasi, kwa hiyo tunatafuta tofauti ya 7: ni 15 na 8. Kubwa inabeba alama ya 7x, basi ni +15 na −8. Sasa 6x² + 15x − 8x − 20. Vipande viwili vya kwanza vinatoa 3x(2x + 5). Viwili vya pili, mwanafunzi anaandika −4(2x − 5), kwa kuwa aliiona −20 akaiachia hasi yake ndani ya mabano. Mabano mawili hayafanani, anachanganyikiwa, au anajifanya hajaona.

Kwenye kisanduku kosa hilo ni gumu kulifanya. Ndani tunaweka vile vile vipande vinne:

6x² | 15x
−8x | −20

Safu mlalo ya juu ina kigawo 3x. Safu mlalo ya chini inachukua alama ya chumba chake cha kwanza, basi ni −4. Sasa gawa vyumba vya juu kwa 3x upate vichwa vya safu wima: 2x na 5. Vya chini havihitaji kukokotolewa upya, vinahitaji kuthibitishwa: −4 mara 2x ni −8x, sawa; −4 mara 5 ni −20, sawa. Jibu ni (3x − 4)(2x + 5). Chumba cha mwisho ndicho shahidi. Kisipokubali, kuna alama imekosewa, na mwanafunzi anaiona mwenyewe kabla sijafika kwenye dawati lake.

Kuna swali ambalo darasa zuri halikosi kuuliza, na mwalimu akilikwepa anapoteza heshima: kwa nini tunazidisha namba ya kwanza na ya mwisho? Kisanduku kinajibu. Zidisha kona kwa kona: 6x² mara −20 ni −120x². Zidisha kona zile nyingine: 15x mara −8x, ni −120x² pia. Lazima zilingane, kwa sababu kila upande umebeba vitu vile vile vinne, 3x, −4, 2x na 5, vimezidishwa kwa mpangilio tofauti. Basi vyumba viwili ambavyo hatuvijui tayari tunajua zao lake, na jumla yake ni kipande cha katikati. Njia yote iko hapo. Ninaiacha ubaoni mpaka kengele.

Tofauti ya vipeo vya pili siifundishi kama kanuni mpya. 9y² − 25 ina kipande cha katikati ambacho ni 0. Zao −225, jumla 0: ni 15 na −15. Ingiza kwenye kisanduku, utoke na (3y + 5)(3y − 5). Wakifanya tatu nne hivi wanaigundua njia ya mkato wenyewe. Nawatupia pia 103² − 97² bila kikokotoo. Ni 200 mara 6, yaani 1200, na huwa wanafurahia kuliko nilivyotarajia. Kisanduku hiki hiki pia kinaua ile imani sugu kwamba (a + b)² ni a² + b². Vyumba viwili vya ab viko wazi, nani kavihama?

Amri moja nairudia mpaka wanaimaliza kabla yangu: kigawo cha shirika kwanza. Chukua 50x² − 18. Anayeanza na vipeo anasema 50 si kipeo kamili, yaani si namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe, anaacha. Anayegawa kwa 2 anapata 2(25x² − 9), na kazi imekwisha: 2(5x + 3)(5x − 3). Hatari ya aina nyingine iko kwenye 18x² + 21x − 60. Ukiruka ile 3 bado utafika (9x − 12)(2x + 5), na ukizidisha utarudi ulikotoka, kwa hiyo unadhani umemaliza. Hujamaliza, bano la kwanza bado lina 3 ndani.

Kuhakiki kwa kuzidisha tena ni kuzuri, lakini kwenye mtihani watu hawana muda, na anayekosea alama mara ya kwanza huikosea mara ya pili vile vile. Mimi huwafundisha kuweka 10 mahali pa x. 6x² + 7x − 20 inakuwa 600 + 70 − 20, yaani 650. Mabano: 26 mara 25, 650. Wengi hupenda kutumia 1 kwa kuwa ni rahisi, nami huwakataza. Yule aliyeandika 3x² + 6x³ = 3x(x + 2x) akiweka 1 anapata 9 pande zote mbili na kujipa vema. Akiweka 10, upande mmoja ni 6300, mwingine 900. Moja haionyeshi makosa ya vipeo, kwa sababu 1 kwa kipeo chochote ni 1.

Hiyo 10 ndiyo pia dawa ya maswali ya kurahisisha, ambayo karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, huyapenda. Mfano ni (2x² − x − 3) juu ya (4x² − 9). Kosa la kawaida ni kukata x² kwa x² na 3 kwa 9, kama mtu anayefyeka nyasi. Weka 10: juu ni 187, chini ni 391. Sasa waulize, 187 na 391 zina kigawo gani cha shirika? Ni 17: 187 ni 17 mara 11, na 391 ni 17 mara 23. Kisha vunja kwa aljebra: juu ni (2x − 3)(x + 1), chini ni (2x − 3)(2x + 3). Lile 17 ni 2x − 3, na kilichobaki, (x + 1) juu ya (2x + 3), ni 11 juu ya 23. Kinachokatwa ni kigawo kizima, si kipande kilichojumlishwa.

Kosa jingine la kuandika "x = 4/3 au x = −5/2" chini ya swali lisilo na alama ya sawasawa nalipita haraka: usemi si mlinganyo, hakuna cha kutatua.

Zoezi la mwisho huwa la maswali kumi yaliyochanganywa, bila kichwa kinachosema ni aina gani. Wakipewa ishirini za aina moja wanazifanya zote kwa mkono, akili iko kwingine. Mawili kati ya kumi hayavunjiki, kama x² + 16 na x² + 5x + 3, na jibu lake ni kuandika hivyo na kutoa sababu. Wanaotaka njia ya uhakika nawapa b² − 4ac, usemi ukiwa ax² + bx + c: ikiwa ni kipeo kamili, usemi unavunjika. Kwa 6x² + 7x − 20 ni 49 + 480, yaani 529, ambayo ni 23². Kwa x² + 5x + 3 ni 13, basi usijisumbue. Na moja liwe limeanza na namba tupu, 12 − x − x². Hapo kwanza gawa kwa −1, upate −(x² + x − 12), halafu −(x + 4)(x − 3). Anayeandika (x + 4)(3 − x) naye yuko sahihi, ila akija kuuliza kwa nini jibu lake halifanani na la jirani, simwelezi sababu. Namwambia aweke 10 kwenye yote mawili.