Mwanzi uliopondeka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili nilikaa karibu na kwaya, matangazo yanasomwa (marefu kama kawaida yetu), nikawa namwangalia kijana wetu wa saksofoni ananyonya kitu kama kijiti cha peremende. Baada ya ibada nikamuuliza, akanionyesha, kumbe ni kipande cha mwanzi, ncha yake nyembamba kama karatasi, eti kikiwa kikavu sauti inakwaruza lazima kilowe mate kwanza.

Mwanzi jamani! Mi nilijua saksofoni ni shaba tupu, kumbe lile dude lote linalong'aa wanamuziki wanaliweka kundi moja na filimbi na klarineti, sababu sauti inaanzia hapo kwenye mwanzi unaotetemeka, ukiutoa unabaki na bomba tu.

Nikaenda kumsoma aliyeibuni, Adolphe Sax, kazaliwa 1814 mji wa Dinant, Ubelgiji, baba yake fundi wa ala za muziki. Huyu mtoto alipondeka hasa, alianguka toka ghorofani, akameza pini, akaungua na baruti, akaponea chupuchupu kufa maji mtoni, inasemekana mpaka mama yake mzazi alisema huyu hataishi. Akaishi. 1842 akahamia Paris, 1846 akapata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa saksofoni, bendi za jeshi la Ufaransa zikaipokea, ila mafundi wenzake wakamburuza mahakamani miaka na miaka, akafilisika mara 3, na katikati ya hayo yote akaota saratani mdomoni, mtu wa kupuliza!, akapona. Alikufa 1894 maskini, jazz yenyewe hakuisikia.

Sasa Isaya 42:3, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja". Mstari huu nimeusoma tangu sandei skuli, ila safari hii nilikuwa nimeshamuuliza yule kijana, mwanzi wa saksofoni ukipasuka mnafanyaje? Akacheka, "Tunatupa anti, tunafungua mwingine."

Hilo "tunatupa" nimelala nalo wiki nzima. Maana kuna dada wa kikundi chetu cha maombi, tangu yale ya mwaka jana hatumpangi tena kusoma neno, hata simu hatumpigii, na hakuna aliyekaa akaamua hivyo, imetokea tu, tukafungua mwingine.

Nilimpigia jana. Hajapokea. Leo jioni nampigia tena, mwenye nafasi naomba naye ajaribu.