Duara Lililopotea Kiunoni

Mwaka 2014, katika masika ya Tanga ambayo nguo hukaa kambani siku mbili na bado zikawa na unyevu, nilitokwa na doa upande wa kushoto wa kiuno, pale mkanda unapobana suruali. Lilikuwa duara dogo kama sarafu ya shilingi mia, pembezoni lina magamba na vipele vidogo, katikati limetulia kana kwamba ngozi imeanza kupona. Wakati huo nilikuwa nafundisha biolojia kidato cha pili, na kila mwaka niliwaagiza wanafunzi walete kipande cha mkate kilichoota ukungu ili tuchore kuvu kwa penseli. Naeleza hayo mapema ili ieleweke kwamba ujinga wangu haukuwa wa kukosa shule.

Dukani sikuthubutu kulionyesha doa lenyewe. Nilieleza kwa maneno tu. Muuzaji akanipa tyubu ya krimu iliyochanganywa dawa tatu, moja ya fangasi (yaani kuvu wa ngozi), moja ya bakteria na ya tatu steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, akasema, "Hii inamaliza vyote, Mwalimu." Siku ya tatu kuwashwa kulikwisha kabisa, nami nikaisifu dawa ile kwa kila aliyenisikiliza. Nilipoacha kupaka, doa lilirudi likiwa pana zaidi, nikanunua tyubu ya pili, kisha ya tatu. Kufikia mwezi wa pili duara halikuwapo tena: ukingo ulikuwa umefifia, wekundu uliochanganyika na weusi ulikuwa umetambaa kuelekea tumboni bila umbo lolote, na ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba, yenye michirizi. Jirani mmoja alisema ni pumu ya ngozi. Mwingine, kwa kuwa ugonjwa ulishika upande mmoja wa kiuno, aliapa kuwa ni mkanda wa jeshi, na nilibakiza kidogo nikanunue dawa yake.

Hospitalini nilipokewa na tabibu mama wa makamo, aliyesomea ngozi Moshi, katika kile kituo cha mafunzo kilichopo katika hospitali ya rufaa ya KCMC ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Alitazama muda mfupi tu, akauliza, "Unapaka nini?" Nilipoiweka tyubu mezani, aliigeuza, akasoma maandishi yake, akashusha pumzi. Akanieleza kwamba duara lile, kuwasha kwake na ukingo wake ulioinuka, vilikuwa kazi ya mwili wangu ukipigana na fangasi wanaokula tabaka la juu la ngozi na kusonga kutoka katikati kwenda nje. Steroidi iliunyamazisha mwili, vita vikakoma, fangasi wakaendelea kutembea bila wa kuwazuia. "Na hii dawa ya fangasi iliyomo humu," akaongeza, "haijakuponya, lakini inatosha kutudanganya kwenye kipimo. Acha kila kitu wiki mbili, halafu urudi."

Wiki mbili zile sitazisahau. Kila jioni nilizungushia doa mstari wa kalamu ya wino, na kila asubuhi nilitazama kama limeuvuka. Siku ya tisa ukingo uliinuka tena, wenye magamba, ukiwasha kiasi kwamba niliandika ubaoni kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa mfukoni. Sijawahi kufurahia upele kama nilivyoufurahia ule.

Maabara ilikuwa ya mzee mmoja mkimya. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akapangusa ngozi kwa spiriti, kisha kwa mgongo wa kisu kidogo akakwangua ukingoni tu. Nilipomwonyesha sehemu ya katikati alitikisa kichwa: "Huko wameshapita." Vumbi jeupe kama unga wa muhogo lilidondoka juu ya karatasi nyeusi. Akalihamishia kwenye kioo, akatia tone la potasiamu haidroksaidi, akalifunika, akalipitisha juu ya taa ya spiriti bila kuliacha lichemke. Kemikali ile huyeyusha chembe za ngozi, lakini kuta za kuvu huistahimili, kwa hiyo kinachobaki kuonekana vizuri ni kuvu wenyewe. Tulisubiri kama dakika kumi na tano. Alipunguza mwanga wa hadubini, akapekua kioo polepole, kisha akanipisha.

Niliona uzi wa buluu uliojikunja, nikautaja kwa sauti ya mwalimu.

"Huo ni wa shati lako," akasema.

Akasogeza kioo kidogo. Safari hii niliona nyuzi nyembamba zinazong'aa kama kioo chenye ukijani hafifu, zenye unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho, zikichipua matawi na kukatiza mipaka ya chembe za ngozi bila kujali. Ndani yake mlikuwa na vizuizi vidogo, na mahali pamoja uzi ulikuwa umekatika vipande vipande kama shanga. Ukungu wa mkate niliouchora miaka yote ile hauna vizuizi. Kwa mara ya kwanza tofauti hiyo, ambayo niliitungia maswali ya mtihani, niliiona kwa jicho langu, nayo imetoka kiunoni mwangu.

Cheti kilisema tu kwamba nyuzi za kuvu zimeonekana. Kujua ni aina gani kungehitaji kuotesha sampuli kwa wiki kadhaa, na tabibu hakuona haja kwa kuwa dawa isingebadilika. Alichotaka kujua ni nani mwingine nyumbani ana madoa. Nikamtaja mwanangu wa miaka sita mwenye mapunye kichwani, na ikanibidi niseme pia kwamba nilikuwa nikimpaka krimu ileile.

Kesho yake mzee wa maabara alimng'oa vinyweleo vilivyokatika, navyo vikaonekana na kuvu. Krimu haifiki kwenye shina la unywele, kwa hiyo mtoto alipewa vidonge vya griseofulvini, vinavyofyonzwa vizuri pamoja na mafuta. Mama yake akampa kila siku baada ya wali wa nazi, kwa wiki nane. Mimi nilimeza terbinafini kwa wiki nne. Nywele zake ziliota zote. Kwangu fangasi waliisha, ila michirizi iliyoachwa na steroidi ipo mpaka leo, chini ya mkanda.